Anza na mboga, malizia na sukari: ninavyoinunulia familia chakula hapa Dar

Hela ya matumizi ikiingia, wengi wetu tunaanza na vizito. Mchele, unga, dumu la mafuta, sukari, sabuni. Hivyo vikishalipiwa, chenji inayobaki ndiyo inaenda gengeni. Matokeo yake unayajua: sinia limejaa wali, maharage ya kuhesabu, na mchicha wa kulowanishia tonge. Halafu tunalalamika kwamba watoto hawapendi mboga. Mboga yenyewe hawajawahi kuipata ya kutosha hadi wajue kama wanaipenda ama hawaipendi.

Nimeuza genge Tabata kwa miaka kabla sijaliacha, kwa hiyo haya nimeyaona nikiwa upande wa pili wa meza. Mteja anafika jioni, mikono imelemewa na mifuko kutoka kwa Mangi mwenye duka la mtaani, ananiambia, "Mama Salma, nipe mchicha wa jero na nyanya mbili tatu za kukaangia." Ukimtazama mfukoni, hana zaidi ya hiyo jero, shilingi mia tano. Na mifuko yake imejaa biskuti na soda kubwa ya familia.

Kwangu tunakula watu saba: mume wangu ambaye ana presha, mama mkwe mwenye kisukari, watoto wanne, na mimi. Soko ninalokwenda ni lile lile la kila mtu na hela ni ile ile ya kubana. Nilichofanya ni kugeuza foleni ya kununua. Mboga na matunda vinatangulia, jamii ya kunde (maharage na wenzake) na samaki vinafuata, unga na mchele vinakaa katikati, na mafuta, chumvi na sukari vinanunuliwa mwisho kabisa kwa kilichobaki. Nitakwenda kwa foleni hiyo hiyo.

Kabla hujatoka, fanya mambo mawili tu. Fungua kabati uone kilichomo, uandike mtakula nini wiki nzima hata kwa kifupi ("Jumatatu ugali, dagaa, matembele"). Na ule kwanza. Mwenye njaa sokoni ananunua maandazi, ananunua mihogo ya kukaanga, na akifika supamaketi ndiyo basi tena.

Mboga na matunda: hapa usiharakishe

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi au mihogo haihesabiwi humo. Piga hesabu ya nyumba yako. Kwa watu saba ni karibu kilo tatu kwa siku, ukipunguza kidogo kwa ajili ya wadogo. Sasa linganisha na mafungu mawili ya mchicha ambayo yakishaingia sufuriani yanabaki kiganja kimoja. Kwa kweli hesabu hii ndiyo iliyonifanya niipeleke hela ya mboga mbele.

Ukitaka kufika huko bila kufilisika, nenda soko la jumla mara moja kwa wiki, asubuhi. Mabibo kwa ndizi na matunda, Ilala na Buguruni kwa nyanya, vitunguu, karoti na mboga nyingine. Mkiwa majirani watatu mnaoelewana, nunueni tenga la nyanya au kiroba cha karoti mgawane. Bei ya genge ina nauli ya muuza genge ndani yake, na faida yake, na hasara ya zilizooza. Najua, nilikuwa nikiiweka mimi. Majani yenyewe yasiyokaa ndiyo ununue karibu na nyumbani kila baada ya siku moja au mbili.

Mchicha unaukagua hivi. Muuzaji anaunyunyizia maji mchana kutwa, kwa hiyo majani kusimama si ushahidi. Shika shina moja chini ya kamba ulivunje. Likikatika kwa mlio, umekatwa leo. Likijikunja tu, ni wa jana au juzi, umeamshwa na maji. Kisha tanua fungu katikati, kwa sababu majani ya njano huwa yanafichwa kifuani huku mazuri yakipangwa nje. Nilipanga hivyo hivyo na mimi, kila muuzaji anapanga hivyo, hakuna anayechukia ukifungua kuangalia. Atakayechukia muachie fungu lake.

Nyanya nazo hupangwa zile kubwa mbele, za nyuma unaambulia. Chagua mwenyewe moja moja, na uchukue za aina mbili: mbivu za leo na kesho, na zilizoanza tu kuwa nyekundu za kumaliza wiki. Masalo, zile zilizolainika ambazo muuzaji anaziuza kwa bei ya kutupa, zinafaa kabisa ukizipika siku hiyo hiyo. Chemsha, saga, tengeneza rosti ya siku tatu. Masharti ni kwamba zisiwe na ukungu. Nyanya laini yenye ukungu usikate ule upande mmoja ukaitumia, itupe yote.

Changanya rangi. Mchicha kila siku unachosha, na kila jani lina chake: matembele, majani ya maboga, mnafu, mlenda, figiri. Vya rangi ya chungwa vinatoa vitamini A, yaani karoti, boga na vile viazi vitamu vya ndani ya chungwa watu wanavyoviita viazi lishe. Viazi lishe vikiwepo sokoni mimi nachukua vingi, nachemsha asubuhi badala ya kununua mkate, na watoto hawana ugomvi navyo kwa sababu ni vitamu vyenyewe. Kisamvu kilichotwangwa cha mfuko ni kizuri na kinaokoa muda, ila kichemshe sana, kifuniko wazi, maji ya kutosha. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi ambayo inaondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Mtu anayekipika juu juu kwa haraka anacheza.

Swali moja usiache kuuliza: mboga hii imelimwa wapi? Mchicha mwingi wa mjini unatoka bustani za mabondeni, na si kila bonde maji yake yanafaa. Kama muuzaji hajui, au anajua na anazungukazunguka, nenda meza ya pili. Kuosha kunaondoa vumbi na vijidudu, hakuondoi taka za viwandani zilizoingia ndani ya jani. Na mboga ioshwe kabla ya kukatwa. Ukikata kwanza kisha ukaosha, vitamini C inakwenda na maji.

Matunda nunua ya msimu, hakuna siri nyingine. Kuanzia katikati ya mwaka machungwa ya Muheza yanajaa mjini, ganda la kijani lakini ndani sukari tupu. Kuelekea Desemba maembe na mananasi ya Kiwangwa yanashuka bei hadi yanamwagwa barabarani. Ndizi mbivu na mapapai yapo mwaka mzima. Tunda lililosafiri kutoka mbali, lenye stika ndogo, silinunui. Kwa bei ya matufaha manne ninapata mapapai ya nyumba nzima, na papai lina vitamini C nyingi kuliko tufaha. Matunda yaliyokatwa barabarani na kuachwa wazi, hapana.

Kunde na dagaa, kabla ya bucha

Kilo ya maharage makavu ina protini karibu sawa na kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe, kwa chini ya nusu ya bei, tena ina nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata chembe. Kwa mwenye kisukari nyuzinyuzi hizo zina maana sana, sukari haipandi kwa kasi. Kwa hiyo maharage, choroko, kunde, mbaazi na dengu ninanunua mwanzo wa mwezi, kwa jumla, Tandale. Ninazungusha: wiki hii maharage ya njano, wiki ijayo choroko, mbaazi za nazi siku ya Ijumaa.

Omba upimiwe kwa kilo. Sado ni kipimo cha ujazo, na mikono ya muuzaji ndiyo inayoamua: kuna sado inayojazwa kwa kilele na kuna iliyobonyezwa chini kwa nyundo. Ng'ata punje moja. Ikikubali alama ya jino bila kupasuka, ni ya mavuno mapya, itaiva haraka na mkaa utabaki. Ikipasuka vipande, imekaa ghalani, utaichemsha mpaka jirani aanze kuuliza. Tazama vitobo vya wadudu, na nusa: harufu kali ya dawa ikitoka kwenye gunia, ondoka.

Dagaa ndio niliowahi kuwauza kwa bidii kuliko kitu kingine, na ndio watu wanaonunua vibaya kuliko kitu kingine. Wanaliwa wazima na mifupa yao, ndiyo maana wana kalisi nyingi. Kwa mtoto anayekua na kwa bibi wa umri wa mama mkwe wangu hicho ni chakula cha maana kuliko steki. Chukua dagaa kiganjani, wasugue polepole kwa viganja viwili, kisha waachie wadondoke. Tazama kilichobaki mkononi. Mchanga ukibaki, walianikwa chini ufukweni. Waliokaushwa juu ya vichanja wanaacha magamba kidogo tu. Tazama na rangi: aliyekaushwa vizuri anang'aa fedha, mkavu, akikunjwa anavunjika. Aliyekuwa wa njano au kahawia, mwenye harufu ya mafuta yaliyochacha, alinyeshewa au amekaa sana. Wa Kigoma ni wazuri na bei yao inajua hivyo. Wa Mwanza ni wa bei nafuu na wanafaa kabisa wakiwa wasafi. Wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa presha ionje kwanza punje mbili. Ng'onda na papa mkavu kwangu vimekuwa vya sikukuu kwa sababu hiyo hiyo.

Samaki wabichi, kama unaweza kufika soko la Feri asubuhi, macho yawe yamevimba na maangavu, matamvua mekundu, tumbo gumu ukilibonyeza. Usidharau vibua. Ni samaki wa bei ya chini wenye mafuta yale mazuri kwa moyo, ila ukiwazamisha kwenye mafuta ya kukaangia umeharibu kazi. Wapake ndimu, tangawizi na pilipili, uwachome au uwapike mchuzi wa nyanya.

Baada ya hapo ndiyo ninapita buchani, na sipiti kila wiki. Nusu kilo nyama isiyo na mafuta, yenye muhuri wa mkaguzi, inapikwa na ndizi au njegere na inatosha sinia. Mayai nachukua trei. Soseji sinunui. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za viwandani, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na mimi nilikuwa sijazipenda tangu mwanzo kwa chumvi yake.

Unga

Dona ina kiini na pumba za mahindi. Sembe imekobolewa, vyote hivyo vimebaki mashineni, umebaki wanga mweupe. Kwa afya dona inashinda, lakini kuna jambo wanaosifia dona huwa hawalisemi: mahindi yakiwa na sumukuvu, dona inakupelekea sumu hiyo yote.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Haiondoki kwa kupika wala kwa kuchemsha. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inaharibu ini. Kwa hiyo dona usiyoijua ilikosagwa, ya kwenye kiroba kisicho na jina, usinunue. Nunua mahindi. Yamwage kwenye ungo mchana, mahali penye mwanga, utoe punje zilizopasuka, zilizosinyaa, zenye madoa ya kijani, kijivu au nyeusi. Watoto wangu wanaifanya kazi hii Jumamosi wakiangalia katuni na wanaifanya vizuri tu. Ulizozitoa zitupe, usiwape kuku. Kisha peleka mashineni, simama hapo hapo, na usage ya wiki mbili tu, kwa sababu kiini kina mafuta na dona inachacha mapema.

Huna nafasi hiyo? Basi chukua sembe ya kiwandani yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na maandishi kwamba imeongezwa virutubishi. Tanzania ina kanuni za jambo hili tangu 2011, na kinachoongezwa kwenye unga wa mahindi ni pamoja na madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, ambayo mjamzito anaihitaji sana. Kwa nyumba yenye binti wa umri wa kuzaa, sembe ya namna hiyo ni bora kuliko dona ya kubahatisha.

Karanga ni hivyo hivyo. Nunua nzima, chambua, kaanga, saga mwenyewe. Karanga iliyosagwa tayari ukiinunua kwa kupimiwa humo kuna zile zote ambazo hazikuuzika zikiwa nzima. Na unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka kumi na karanga na soya, unaouzwa kwenye mifuko isiyo na tarehe, mimi siupi mtoto. Uji wa ulezi mtupu, ukiiva ukaweka maziwa au karanga yako uliyosaga, unatosha.

Mchele siuandikii mengi. Tunaupenda, tunaula, ila unapimwa kwa kikombe na hauongezwi kwa sababu mgeni amekuja. Kinachoongezwa kwa ajili ya mgeni ni maharage.

Mafuta, chumvi, sukari: za mwisho, na kwa kipimo cha mwezi

Hizi tatu nazinunua mara moja kwa mwezi kwa kiasi kilichopangwa, na zikiisha zimeisha. Sikimbilii kwa Mangi kuongeza robo. Ukinunua kwa vipimo vidogo kila siku unalipa zaidi na hujui mmekula kiasi gani.

Mafuta: soma nyuma ya dumu. Mbele limechorwa ua la alizeti au mboga, nyuma kwa herufi ndogo unakuta ni mawese. Nusu hivi ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya. Kwenye alizeti ni karibu sehemu moja ya kumi. Mawese mekundu ya Kigoma yana vitamini A, kwa hiyo kijiko kwenye maharage mara moja moja hakina neno. Na ukiona dumu limejitapa kwamba "halina kolesteroli", usilipie zaidi kwa ajili ya hilo. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli, hata yale ya mawese yanaweza kuandikwa hivyo na isiwe uongo. Mafuta ya kupima kwenye chupa ya maji siyagusi: hujui ni ya nini, hujui kama yalishakaangia chipsi.

Chumvi: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Kwa saba wetu hiyo ni kilo moja kwa mwezi, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, dagaa na kila kitu kingine. Kwa hiyo paketi ya kilo moja ikiisha kabla ya mwezi, na juu yake mnatumia vidonge vya kuungia mchuzi, mmeshapita zamani. Geuza pakiti ya vile vidonge usome: kwa nyingi, cha kwanza kuandikwa ni chumvi, na kilichoandikwa kwanza ndicho kilicho kingi. Kwangu vidonge viliondoka, ikabaki kitunguu saumu, tangawizi, binzari, giligilani na ndimu. Mume wangu alinuna kwa muda, akazoea. Chumvi yenyewe iwe yenye madini joto, ya paketi iliyofungwa, na uiweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jiko.

Sukari: kwa mtu mzima inashauriwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Gramu 25 ni vijiko sita vya chai. Soda za kola zina gramu 10 na zaidi kidogo kwa kila mililita 100, maana yake chupa ya mililita 350 ina vijiko kama tisa. Chupa moja, na siku imekwisha. Ninanunua sukari kilo tatu kwa mwezi, inawekwa kwenye kopo moja, na kila mtu anaona inavyoshuka. Soda haiingii kwenye orodha ya mwezi. Ikinywewa harusini inanywewa harusini.

Supamaketi na ile pakiti nzuri

Supamaketi nakwenda kwa vitu vichache, na huko silaha ni kusoma upande wa nyuma. Ule wa mbele umeandikwa na anayetaka kuuza.

Chukua mtindi, kwa mfano. Shika vikombe viwili pamoja. Kimoja nyuma kimeandikwa maziwa na vijidudu vya kugandisha, basi. Cha pili, chenye picha ya stroberi, kina maziwa, sukari, kikoleza ladha, rangi, kikazishio. Stroberi yenyewe huioni popote. Nunua kile cha kwanza, nyumbani katia embe au ndizi. Maboksi ya juisi ni hivyo hivyo: "nekta" na "kinywaji chenye ladha ya" maana yake wameongeza maji na mara nyingi sukari. Sukari nayo ina majina mengi, utaikuta kwa jina la glukosi, fruktosi, dekstrosi au sirapu. Ukiyaona majina matatu kwenye pakiti moja, ujue wameigawa ili isionekane ya kwanza.

Kwa namba, tumia safu ya "kwa gramu 100" na siyo ile ya mlo mmoja, kwa sababu mlo wenyewe wameupanga wao, biskuti mbili ambazo hakuna mtoto anayeishia hapo. Uingereza wana kipimo ninachokitumia: sukari ikizidi gramu 22.5 kwa 100 ni nyingi, ikiwa chini ya 5 ni kidogo. Chumvi ikizidi gramu 1.5 ni nyingi. Ukikuta wameandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Jaribu hesabu hiyo kwenye zile tambi za haraka zenye kijipakiti cha viungo utanielewa. Nafaka za asubuhi zenye katuni ya mnyama nazo nyingi zinaanguka hapo kwenye sukari.

Mkate wa rangi ya kahawia usikudanganye. Rangi inaweza kuwa ya sukari iliyounguzwa. Cha kwanza kwenye orodha kiwe unga wa ngano nzima. Kikiwa "unga wa ngano" tu, ni boflo ileile iliyovalishwa. Tazama pia tarehe ya kuisha na alama ya TBS, na kopo lililovimba au kubonyea kwenye mshono usilichukue hata likiwa nusu bei.

Watoto, Mangi, na dada wa nyumbani

Watoto nakwenda nao sokoni, siendi nao supamaketi. Sokoni kila mmoja anachagua tunda moja na mboga moja, na alichochagua lazima ale. Wa tatu alichagua bilinganya kwa sababu ya rangi, akaila akikunja uso, sasa ndiye mwenye bilinganya wetu.

Daftari la Mangi lizungumzeni mapema. Nyumba nyingi hela haipotei sokoni, inapotea kwenye daftari: soda moja, biskuti mbili, krisps, na mwisho wa mwezi ni hela ya dagaa wa wiki tatu. Nilikwenda mwenyewe nikamwambia, "Mangi, kwa jina langu andika mkate, kiberiti, sabuni na maziwa. Mtoto akija kwa soda mrudishe." Alicheka, lakini ameshika neno.

Na kama anayekwenda sokoni ni dada wa nyumbani, usimwambie tu "leta mboga". Mwandikie orodha kwa foleni, mboga juu, sukari chini, na umpe hela mbili tofauti: ya mboga, matunda, kunde na samaki kwenye bahasha moja, vingine vyote kwenye bahasha ya pili. Mwonyeshe mara moja kuvunja shina la mchicha na kusugua dagaa. Hela ya bahasha ya pili ikipungua asichukue ya kwanza, arudi bila sukari. Na chenji ya bahasha ya kwanza ikibaki, anunue ndizi.